Ulinganisho: kerneli ya 686, 686-pae au amd64 kwa ThinkPad T60?

Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Nina ThinkPad T60 yenye RAM ya GB 3, nami nataka kuiwekea Debian 12 (mfumo wa Linux). Nimekuta kerneli (kiini cha mfumo) tatu: linux-image-686, linux-image-686-pae na linux-image-amd64. Je, ipi inafaa?

FundiMitambo
Ndugu, T60 ziliuzwa zikiwa na prosesa za aina mbili. Core Duo ni ya biti 32 pekee, ilhali Core 2 Duo, iliyoingia sokoni katikati ya 2006, inamudu biti 64. Kibandiko cha nje usikiamini, kwa kuwa huenda mmiliki wa awali wa kompyuta alibadilisha prosesa. Washa kompyuta kwa flashi yenye Debian ya biti 32, kisha andika kwenye terminali:

`grep -wo lm /proc/cpuinfo`

Ikijibu "lm" (alama ya uwezo wa biti 64), weka amd64, ambayo ni kerneli ya biti 64, hata kama prosesa ni ya Intel. Ikinyamaza, rudia amri hiyo ukiweka "pae" mahali pa "lm": ikijibu, weka 686-pae, la sivyo 686.

BiTerminali
Naongezea kuhusu PAE, maana husemwa sana kwamba mwenye RAM chini ya GB 4 haihitaji. Ni kweli kwamba PAE huiwezesha kerneli ya biti 32 kufikia RAM ya hadi GB 64, lakini kwa prosesa hizi kinga ya NX, inayozuia data isitekelezwe kama programu, nayo haifanyi kazi bila PAE. Kwa hiyo hata mwenye GB 1 achague 686-pae ikiwa prosesa yake inaiweza. Ile 686 tupu waachiwe wasio na njia nyingine. Pentium M za mwanzo zina uwezo wa PAE ila haziutangazi, na ndiyo sababu kerneli ikapewa kigezo cha `forcepae`, cha kuilazimisha itumie PAE.

Mwanagenzi
Ahsanteni, "lm" imetokea. Je, niongeze RAM ifike GB 4? Na vipi kerneli zinazotengenezwa kwa ajili ya x86-64-v3, ile ngazi ya prosesa mpya zaidi za biti 64?

FundiMitambo
Hifadhi fedha zako. Chipseti ya 945 iliyomo humo huishia takriban GB 3 zinazotumika, na amd64 haiwezi kuubadilisha ukomo huo wa maunzi. Kuhusu v3, ngazi hiyo inadai AVX2 (maagizo ya prosesa ya kuchakata data nyingi kwa mpigo), ambayo Intel waliileta na prosesa za Haswell mwaka 2013. Core 2 Duo yako haifikii hata v2, kwa sababu haina SSE4.2, maagizo mengine ya aina hiyo. Hata kwenye mashine mpya sioni sababu ya kuihangaikia, kwani kerneli kwa sehemu kubwa huepuka rejista za vekta (zinazotumiwa na maagizo hayo), na faida huonekana zaidi katika programu kama zile za kubana video.

Mvuvi_wa_Biti
Mimi napingana kidogo na amd64. Anwani za biti 64 huchukua baiti 8 badala ya 4, hivyo kivinjari kitakula RAM zaidi, na GB 3 si nyingi.

BiTerminali
Hoja yako ina uzito, Mkuu, ila Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kerneli wala kisakinishi cha i386 (toleo la biti 32), kwa hiyo atakayeanza na biti 32 leo atalazimika kusakinisha upya baadaye. Anayejali RAM anaweza kubaki na programu za biti 32 juu ya kerneli ya biti 64: aendeshe `dpkg --add-architecture amd64`, kisha `apt update`, ndipo asakinishe `linux-image-amd64:amd64`. Kwa GB 3, mimi ningeweka amd64 yote pamoja na mazingira mepesi ya eneo-kazi kama Xfce.