Django: fomu mbili ukurasa mmoja, data zinaingiliana

Wakuu, naombeni msaada wa Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti). Nina fomu ya mteja na fomu ya anwani, kitufe cha kuhifadhi kimoja. Zote zina fildi ya "jina". Nikijaza Asha kwa mteja na Nyumbani kwa anwani, kwenye hifadhidata mteja anaitwa Nyumbani! Nimekesha nayo.

— Kivinjari kinatuma "jina" mara mbili, Django inachukua la mwisho. Ipe kila fomu utambulisho wake: prefix="mteja", nyingine prefix="anwani". Fildi zitageuka mteja-jina na anwani-jina. Weka prefix hiyo kwenye GET (ukurasa unapofunguliwa) na POST (fomu inapotumwa) pia. Mimi niliisahau kwenye POST, fomu ikang'ang'ania kwamba sijajaza kitu, na mimi naona nimejaza.

— Nyongeza: hifadhi mteja kwanza, anwani iite kwa save(commit=False), yaani iandae bila kuihifadhi bado, mpachike mteja kwenye anwani hiyo, ndipo uihifadhi. Zungushia yote transaction.atomic() (yote yafaulu au yote yafutwe), la sivyo anwani ikigoma unabaki na mteja asiye na anwani.

— Imekubali! Sasa naenda kumfuta yule Nyumbani.