Chemka na Ziwa Victoria: je, niihofie ameba ya ubongo?

Mama Neema
Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nawapeleka wanangu wawili kuogelea kwenye chemchemi ya maji ya vuguvugu ya Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, kisha tutaelekea Mwanza kwa bibi yao. Tangu niliposoma habari za ameba inayoshambulia ubongo sipati usingizi. Je, mtoto huipataje?

Tabibu wa Hai
Mama Neema, ameba hiyo, Naegleria fowleri, hustawi katika maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, nayo hupita puani tu. Anayeyameza maji haambukizwi. Maji yakiingia puani kwa nguvu, kama pale mtoto anapojirusha kutoka kwenye ile kamba ya Chemka, ameba huweza kufuata mishipa ya kunusia hadi kwenye ubongo. Ni ugonjwa adimu mno: Marekani, tangu 1962 hadi 2023, walithibitishwa wagonjwa 164, ila kwa huzuni waliopona ni 4. Wafundishe kubana pua wanaporuka, na wasitibue matope. Ndani ya siku 12 baada ya kuogelea, mtoto akiumwa sana kichwa, akapata homa, akatapika na shingo ikakakamaa, mkimbize hospitali na utaje kwamba aliogelea.

Mzawa wa Kirumba
Dada, mimi nimekulia Mwanza, nami naona hofu yako kubwa ingefaa iwe ya kichocho, ambacho huku si adimu hata kidogo. Konokono walio kwenye majani ya ufukweni mwa Ziwa Victoria hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani minyoo ya kichocho ikiwa bado michanga, ambavyo hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Mpwa wangu aliogelea ziwani likizo moja; usiku alijikuna miguu hadi ikajaa vipele vyekundu, na wiki sita baadaye akapata homa na kikohozi, akatibiwa malaria mara mbili kabla ya mtu kumuuliza kama aliingia ziwani.

Mama Neema
Ahsanteni sana. Basi niwape dawa ya kichocho mara tu tutakaporudi?

Tabibu wa Hai
Hapana, mama. Dawa hiyo, prazikwanteli, haiui vizuri minyoo michanga, hivyo subiri wiki 6 hadi 8, wapimwe choo na mkojo, ndipo watibiwe. Homa ikianza mapema, usisubiri. Na kwa bibi, maji ya ziwa ya kuogea yakae kwanza kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, ili vijidudu vya kichocho vife.