Tupeane uzoefu: kutembea Kondoa Irangi bila haraka na bila kuharibu

Mleta mada: Wadau, mabasi ya Dodoma–Arusha hupita Kolo, kijiji cha Kondoa kilicho karibu na michoro ya kale ya miambani, kila siku na abiria hawashuki. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na miamba yenye michoro inapita 150. Mtu anayeijua Kondoa hupanga siku tatu au nne. Leteni mbinu.

Mchangiaji 1: Anzia ofisi ya michoro pale Kolo, kando ya barabara kuu. Lipia hapo, dai risiti, upewe mwongozaji. Kwenda Mungomi wa Kolo, pango lenye michoro mlimani, unahitaji gari au bodaboda hadi chini ya mlima, halafu unapanda kwa miguu. Beba maji lita 3 kwa kila mtu na uvae viatu vyenye meno.

Kosa baya kuliko yote ni kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Maji huyeyusha chumvi iliyomo mwambani. Yakikauka, chumvi hubaki juu kama utando mweupe unaoficha mchoro, na rangi huanza kubanduka. Michoro myekundu yenye mistari myembamba ndiyo ya kale zaidi, ile myeupe ni ya baadaye. Yote iache ikiwa kavu, usiipapase, maana vidole vina mafuta. Kwa picha, subiri mwamba uingie kivulini. Jua likiupiga moja kwa moja wekundu haushiki. Sakafu ya pango nayo usiichimbue: tabaka za udongo ndizo zinazowaonyesha wataalamu nani aliishi hapo na lini. Zikishavurugwa hazisomeki tena.

Mchangiaji 2: Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Mungomi pangali pa matambiko. Mkikuta wazee, mwongozaji atangulie kuomba ruhusa, kamera zikae mfukoni. Kilichoachwa pangoni kama sadaka hakiguswi.

Mchangiaji 3: Nendeni Juni hadi Oktoba. Kati ya Desemba na Aprili korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani, nyie mkiwa juani. Msilivuke, subirini maji yashuke.

Ardhi hii imechoka siku nyingi. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kupambana na mmomonyoko, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Kwa hiyo tembeeni kwenye njia iliyopo, msikate mteremko kufupisha safari. Njia mpya mlimani hugeuka mfereji wa maji, na mfereji hugeuka korongo. Mkaa wa barabarani nao msinunue, maana unatokana na miti inayoshika udongo. Nunueni asali, na chakula kwa mama ntilie, ugali wa uwele na mlenda. Agizeni asubuhi apike kiasi chenu.

Mchangiaji 4: Pesa taslimu chukueni Kondoa mjini, noti ndogo ndogo, maana wakala wa pesa za simu kijijini huishiwa floti (pesa ya kutoa). Mkienda vijiji vya ndani, pitieni kwanza kwa mtendaji. Na kondakta mwambieni "Kolo" kabla ya kulipa nauli, kisha mkumbusheni mkitoka Kondoa.