"Watu 11 hadi 39 kwa milioni" wanahesabiwaje?

Swali
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Ripoti ya hewa ya karakana yetu inasema kuna benzeni (ile kemikali iliyomo kwenye petroli) mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, halafu chini wameandika uwezekano wa kansa ni watu 11 hadi 39 kwa milioni. Hao watu wamehesabiwa wapi, na mimi nimo? Silali vizuri.

Jibu
Pole sana mkuu. Hakuna aliyehesabiwa, ni kadirio. Walichukua wafanyakazi wa viwanda vya mpira kule Ohio, Marekani, waliovuta benzeni nyingi mno na baadhi wakapata leukemia (kansa ya damu), wakachora mstari kutoka kwenye dozi zile kubwa mpaka sifuri. EPA (shirika la mazingira la Marekani) wanasema kila mikrogramu 1 inaongeza watu 2.2 hadi 7.8 kwa milioni, zidisha mara 5 unapata hizo namba zako. Ila hapo ni mtu anayevuta saa 24 kila siku miaka 70!! Wewe kama ni saa 8, siku 5 kwa wiki, miaka 25, inashuka mpaka kama 1 hadi 3 kwa milioni.

Jibu
Naongezea, huo mstari ni dhana tu maana dozi ndogo hivyo huwezi kuona kansa yake kwa macho, ungehitaji mamilioni ya watu. Na si kila kemikali inafuata mstari. Sakarini (ile sukari bandia) iliwapa panya uvimbe wa kibofu walipolishwa hadi asilimia 5 ya chakula chao, baadaye ikaonekana mkojo wa panya ndio unafanya punje zinazokwaruza kibofu, sisi hatuko hivyo, mwaka 2000 Marekani wakaitoa kwenye orodha ya visababishi vya kansa. Benzeni lakini usiichukulie poa, hiyo ushahidi wake ni wa binadamu.

Jibu
Mimi ningeuliza kwanza hiyo 5 imepimwa wapi. Wastani wa chumba unaficha mengi, mtu akiinama kuosha vyuma kwa petroli anavuta nyingi zaidi ya hapo, kipimo kinatakiwa kivaliwe kwenye kola karibu na pua siku nzima.

Muulizaji
Asanteni sana aisee. Kilifungwa ukutani karibu na mlango, na mlango huwa wazi. Na vyuma naosha mimi. Kesho naomba wapime upya nikivaa mwenyewe.