Nibaki duka la mzee au nianzishe la kwangu? Naombeni ushauri wakuu

Mtoto wa Kaunta: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, saruji, nondo, bati, misumari. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye kampuni moja ya usambazaji, siyo ya ukoo, kule ukiwa na wazo unaandika ukurasa mmoja wenye hesabu, meneja akielewa unapewa bajeti, ukifeli unaulizwa kwa nini na kazi inaendelea. Mzee alipoanza kusumbuliwa na presha nikaacha nikarudi dukani. Sasa nataka tuuze bati za rangi za kukata kwa oda, mafundi wanaziulizia kila siku, mzee mpaka amuulize shangazi, shangazi naye amuulize baba mkubwa. Lipa namba yenyewe tu ilikuwa vita. Usingizi sina.

Kipanga: Acha kumsema mzee, hilo duka ndo limekulipia ada. Sisi mashine ya kusaga ya baba tuliiua wenyewe, kila mtoto anachota hela kwenye droo anaandika kwenye daftari "nimechukua kidogo", kidogo shilingi ngapi hakuna anayejua, siku mota inaungua hakuna hata ya kununua waya.

Jirani wa Nairobi: Shida si familia. Huku supermarket ya Uchumi ilikuwa kwa soko la hisa na ikaanguka. Supermarket ya Tuskys ilikuwa ya ndugu, wakapelekana kortini, nayo ikaanguka. Naivas pia ilianzishwa na familia lakini iliingiza watu wa nje, 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake wakachukua asilimia 40, na bado iko. Tafuteni mtu wa nje akae kwa kikao chenu, mtu anaweza kumwambia mzee hapana na pia akwambie wewe hapana.

Daftari Safi: Mkuu, mtaji wa hizo bati unatoka wapi?

Mtoto wa Kaunta: Mtaji upo, hilo siyo tatizo.

Daftari Safi: Upo wapi? Wako au wa duka?

Mtoto wa Kaunta: Ok. Kampuni nimeshaisajili BRELA na rafiki yangu tuliyekuwa naye kazini. Mzigo wa kwanza tumechukua mali kauli kwa msambazaji wa mzee wa siku zote, ananijua, mzee akiumwa mimi ndo nasaini. Siyo wizi, tunalipa tukiuza na nusu imeshatoka. Ningesubiri kikao cha ukoo mvua zingeanza na watu wangeacha kuezeka.

Mama wa Kirumba: Mwanangu, aliyeaminiwa hapo ni baba yako. Kamwambie leo kabla hajapigiwa simu na mwenye mali.

Daftari Safi: Duka la mzee bila shaka ni jina la biashara tu, likidaiwa anadaiwa yeye mwenyewe mpaka nyumba. Kampuni yenu ni limited, ikifa mnapoteza hisa zenu basi. Yaani faida mmeiweka kwenu, hatari yote mmemwachia mgonjwa. Kule ulikoajiriwa ungethubutu?

Mtoto wa Kaunta: Mbona Mo Dewji alitoka kusoma Marekani akarudi kwenye biashara ya baba yake, wakatoka kwenye kuuza na kununua wakaingia viwandani? Nani alimsema?

Kipanga: Mo alikuwa na baba yake mezani. Wewe wako anajua?

Mzee wa Kuhoji: Wakuu mnapoteza bando, hii chai. Huyu huyu alileta uzi wa matikiti Bunda akasema baba yake ni marehemu.

Mtoto wa Kaunta: Ule uzi ni wa mdogo wangu, tulikuwa tunatumia simu moja. Marehemu ni baba mdogo, ndo aliyemlea.

Mzee wa Kuhoji: Weka delivari noti, funika majina.

Mama wa Kirumba: Chai au siyo chai, humu wapo wenye hilo jambo kweli, acheni wasome.

Daftari Safi: Kama ni kweli fanya hivi. Kaeni wewe, mzee, rafiki yako na msambazaji, muandike deni linahamia kwenye kampuni, wakurugenzi wote msaini. Halafu ndo uje na swali la kubaki au kuondoka.

Mtoto wa Kaunta: Nilikuwa nakuja hapo mkuu. Jamaa anasema hasaini chochote, na bati zilizobaki ziko stoo kwake Igoma, ufunguo anao yeye.