Naomba ushauri: baba watoto kabadili kazi, fedha za matunzo zimekatika

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Texas, Marekani, na wanangu wawili. Tulipoachana, mahakama iliamuru baba yao atoe matunzo. Mwajiri wake alikuwa anakata kwenye mshahara, anapeleka kwa ofisi ya jimbo, nayo inaniwekea kwenye kadi. Sikuwa na haja ya kumpigia simu kugombana, na hilo peke yake lilikuwa nafuu kubwa.

Mwezi Machi aliacha kazi ya ghala. Mwajiri mpya anatakiwa kumripoti mfanyakazi ndani ya siku 20, ndipo makato yamfuate huko. Ila yeye sasa anaendesha lori kwa kujitegemea, analipwa mkononi yote. Kadi inasoma dola 4. Juzi mdogo kaenda shule na viatu vya dada yake, nimevijaza soksi mbele.

Nimeambiwa serikali inaweza kushika fedha anazorudishiwa kwenye kodi ya mapato, na deni likizidi dola 2,500 ananyimwa pasipoti. Sawa, lakini kodi ya nyumba ni tarehe 1. Pia wanaweza kusimamisha leseni. Hapo ndipo ninapoogopa: bila leseni lori ataliendeshaje, na sisi tutakula nini?

Mawifi wanataka nifute kesi tumalizane kifamilia. Sitaki kumkomoa, ni baba wa wanangu.

Aliyepitia haya na mzazi aliyejiajiri, ulianzia wapi? Na akinipa taslimu, nifanyeje ihesabiwe?