Programu huria ni bure hata nikiuza?

Muulizaji: Wakuu, nimepata maktaba ya msimbo (msimbo uliokwishaandikwa na wengine), ukurasa wake unasema ni huria. Naweza kuiweka ndani ya programu ninayouza bila kulipa?

Fundi_Msimbo: Kulipa hulipi, masharti ndiyo kazi. Fungua folda kuu utafute faili la LICENSE au COPYING. Ikiwa ni leseni ya MIT, tumia, badilisha, uza, ila tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni viende na kila nakala unayotoa. Wengi hufuta mistari ile wakidhani ni uchafu, na hapo ndipo wanapovunja leseni. Leseni ya Apache 2.0 inataka pia uonyeshe mafaili uliyoyabadilisha. Hakuna leseni yoyote? Usiguse. Msimbo kuonekana hadharani si ruhusa.

Nahodha: Leseni ya GPL nayo haikatazi biashara, watu wanaisingizia tu. Uza, lakini ukimpa mteja programu iliyounganishwa na msimbo wa GPL, ana haki ya kupata msimbo chanzo wa programu nzima, kwa leseni hiyo hiyo. Ukiitumia ndani ya ofisi bila kuigawa, hudaiwi kitu. AGPL, ndugu yake GPL, ni kali zaidi: ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, nao wapewe msimbo.

Muulizaji: Na maktaba nyingine ambazo hii inazivuta yenyewe?

Fundi_Msimbo: Kila moja na leseni yake. Kama unatumia lugha ya Python, sakinisha zana ya `pip-licenses` uiendeshe, itakupa orodha nzima. Angalia hasa GPL toleo la 2 pekee ikikutana na Apache 2.0, hizo mbili haziunganishwi kwenye programu moja unayoigawa.